GARI LAKO LIMESHUKA KWA PARACHUTI?

KAMA utoto wako uliupitia uswahilini, gari lako la kwanza hukulinunua. Ulilitengeneza. Bodi la waya au kopo la mafuta ya kula, usukani wa kijiti kirefu, na matairi ya kandambili za baba zilizopotea katika mazingira ya kutatanisha. Na kabla hujaliendesha ulipiga magoti ukachora barabara mchangani: kona hapa, daraja pale, mlima kule.

Sasa jamani, wapo watu wazima duniani, wenye wake, watoto na masharubu yao, ambao mchezo huo hawajauacha. Wao wanauita diorama. Ni kipande cha dunia kilichonyweshwa dawa ya kusinyaa: gari la plastiki, watu, miti na barabara, vyote kwa kipimo kimoja, juu ya ubao unaoenea mezani. Wajapani wa kampuni ya Tamiya wamefanya biashara kubwa ya kuuza magari hayo yakiwa vipande vipande kwenye boksi, uunge mwenyewe. Mmarekani Shepard Paine, aliyefariki mwaka 2015, aliandika mwaka 1980 kitabu cha kufundisha namna ya kutengeneza mandhari hizo, na mpaka leo wapenzi wa kazi hii wanamtaja kama wacheza soka wanavyomtaja Pele.

Mimi pia nimo kwenye kundi hilo. Nicheke tu, nimezoea. Lakini leo sikuletei stori ya gari. Nakuletea stori ya kile ambacho gari linaacha nyuma yake.

MZEE ALIVAA MIWANI

Jirani yangu mmoja ni mzee aliyeendesha malori ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka 30. Siku moja rafiki yangu alileta kazi yake pale kibarazani ili ashangiliwe. Ilikuwa Land Rover, na kwa kweli ilikuwa bomba: rangi imekaa vizuri, tope kwenye madigadi, kioo kimeguswa na waipa. Imesimama katikati ya barabara ya matope, kama kwenye sinema.

Shikamoo zilishapita, soda zilishafunguliwa. Mzee akavaa miwani, akainama, akaizunguka meza mara mbili bila kusema neno. Halafu akauliza taratibu:

“Wanangu, hili gari limeshuka kwa parachuti?”

Tulicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Tope lote lilikuwa laini kama chapati. Mbele ya gari hapakuwa na alama, na nyuma yake vilevile. Matairi yamekaa juu ya tope kama mtu aliyekalia godoro jipya. Kwa macho ya dereva, gari lile halikuwa limefika pale.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii. Gari la plastiki lina uzito kama wa mayai mawili. Tope halijui kwamba lile la kweli lina tani moja na zaidi. Uzito huo unautia wewe, kwa kidole chako, na mahali pa kuutia ni kwenye njia ya tairi. Bila njia ile, una kitu cha kuchezea kilichowekwa juu ya udongo. Ukiipata sawasawa, una gari lililotoka mahali fulani na lenye shida fulani.

HADITHI KWANZA, TOPE BAADAYE

Wengi wanaanza na tope. Wanachanganya, wanamwaga, halafu ndiyo wanajiuliza gari lipite wapi. Mimi naanza na swali moja: katika dakika ya mwisho kabla ya picha hii, nini kilitokea? Gari lilikuwa linapita tu? Lilipiga breki? Lilikwama? Nani alishuka? Nikishajibu ndiyo nagusa maji.

Tuchukue mfano wa nyumbani kabisa, Safari Rally. Mbio zile zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani mvua za masika zikiwa zimekolea. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 tena, 7 tu. Na miaka yote miwili mshindi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Hayo mengine yako wapi? Muulize tope.

Mbio zilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikarudi mwaka 2021 na makao yake Naivasha. Kwa hiyo mtu wa diorama ana vyakula vya aina zote mezani. Mimi nilichagua Toyota Celica ile aliyoshinda nayo Juha Kankkunen mwaka 1985, kwa sababu boksi lake lipo kwa kipimo cha 1 kwa 24, na kwa sababu nyingine ambayo utaiona mbele: gari lile lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

HESABU KIDOGO, USIKIMBIE

Kipimo cha 1 kwa 24 maana yake kila kitu unakigawa kwa 24. Tairi lenye kimo cha sentimita 65 linakuwa na sentimita 2 na pointi 7. Upana wa sentimita 20 unakuwa milimita 8. Mfereji wa tairi wenye kina cha sentimita 12, ambao barabarani ungekufanya utamke jina la mama yako, kwako unakuwa milimita 5 tu. Mtu wa kimo cha sentimita 170 anakuwa na sentimita 7, na unyayo wake unazidi sentimita 1 kidogo sana.

Sasa angalia mchanga. Punje ya milimita 1, ambayo kidoleni mwako ni kitu kidogo, pale mezani ni kokoto ya sentimita 2 na nusu. Ukimwaga mchanga wa ujenzi kama ulivyo, umemwaga mawe. Ndiyo maana nachuja udongo mara mbili, kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa kipande cha soksi ya nailoni ya kike iliyochanika. Eleza nyumbani mapema hiyo soksi ni ya kazi gani, usije ukavunja ndoa kwa ajili ya diorama.

MAPISHI YA TOPE

Dukani kwa wenzetu zipo kopo za tope la kununua. Bei yake inakula mshahara, na udongo tunao bure. Mimi napika mwenyewe hivi.

Chukua ubao, upake rangi pande zote ili maji yasiupindishe. Juu yake gandisha lile boksi jeupe jepesi linalokuja na televisheni mpya, ulikate kwa wembe kufuata mteremko wa barabara. Hiyo ndiyo mifupa.

Nyama yake ni trei za mayai. Loweka usiku mzima, zipondeponde mpaka ziwe kama uji mzito, kamua maji. Kila vikombe viwili vya rojo hiyo weka vikombe viwili vya udongo uliochujwa na kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mafundi seremala. Udongo ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu ili wadudu na ukungu wasije wakaota kwenye sanaa yako. Tone la sabuni ya maji linasaidia mchanganyiko kushikana. Paka unene wa kama sentimita 1 pale gari litakapopita, na upungue pembeni.

Sasa subiri. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu, kwa haraka. Ukiviringisha tairi tope likiwa bado uji, alama inajifunika mbele ya macho yako. Likiwa limekauka, linapasuka kama kashata. Mimi nabonyeza kidole pembeni. Kikitoka kisafi na shimo likabaki na kingo zake, kama ugali uliopoa kidogo ukaukata kwa mkono, wakati umefika.

TAIRI LIVIRINGIKE, LISIBURUTWE

Usitumie gari zima. Chukua gurudumu moja, lipitishe kwenye sindano ya kufumia au waya mnyoofu, lichovye kwenye maji yenye sabuni ili lisinate, halafu liviringishe huku ukilikandamiza. Kila baada ya sentimita chache lisafishe na kulichovya tena. Ukiliburuta, kashata za tairi zinafutika na unabaki na mfereji kama wa maji machafu.

Huna gurudumu la ziada? Rudi utotoni. Kata duara kwenye soli ya kandambili, chonga kashata kwa wembe, umemaliza. Ila angalia zinaelekea wapi. Tairi nyingi za matope zina kashata za mshazari, na zikigeuzwa zinasema gari lilikuwa linarudi kinyumenyume.

Tope lililobanwa halipotei, linahama. Kando ya kila mfereji lazima pawe na ukingo ulioinuka kidogo, uliopasukapasuka. Ukiona mfereji wenye kingo tambarare, ujue mtu alichimba kwa kijiko. Na katikati ya mifereji miwili pana kigongo, ambacho tumbo la gari limekikwangua kama kuna mizigo.

Halafu kuna aina ya udongo. Ule mwekundu wenye changarawe, ukiwa na unyevu kiasi, unapokea alama safi, unaweza kuhesabu kashata. Ule mweusi wa mbuga ni mwingine kabisa: unanata, unajaa kwenye kashata mpaka tairi linakuwa kipara, kwa hiyo alama inatoka butu na kuna mabonge yaliyodondoka njiani. Na lile vumbi laini kama poda la kule Naivasha, ambalo watu wa rally wanaliita fesh-fesh, halishiki alama hata kidogo. Kuta za mfereji zinaporomoka zenyewe, na unabaki na bonde la mviringo. Ukichora kashata safi kwenye vumbi lile, umedanganya.

KONA INASEMA

Gari likienda moja kwa moja, tairi la nyuma linapita juu ya njia ya tairi la mbele. Kwa hiyo unaona mistari miwili, na alama inayobaki ni ya tairi la nyuma. Likikata kona polepole, matairi ya nyuma yanaingia ndani ya kona zaidi kuliko ya mbele, na mistari inakuwa minne. Simama kwenye kona yoyote ya vumbi mtaani kwenu utaiona.

Lakini dereva wa rally hakati kona kama daladala. Anaitupa mkia. Hapo mambo yanageuka: mistari ya nyuma inatoka nje ya ile ya mbele, inapanuka, kashata zimefutika kwa sababu tairi lilikuwa linaserereka kiubavu, na tope limerushwa likarundikana upande wa nje. Kwa milimita chache tu za udongo, mtu anayetazama anajua kasi ilikuwa kubwa, na gari bado limesimama kimya.

Kukwama nako kuna lugha yake, na hapa ndipo Celica yangu inapoonyesha siri. Kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, ndiyo pekee yanayochimba. Ya mbele yanazama kidogo na alama zake zinabaki na kashata. Nyuma kuna mashimo mawili ya kina, kuta zake laini kama zimepigwa pasi, na tope limetapikwa nyuma kama mkia wa jogoo. Ukitengeneza gari la kusukuma kwa magurudumu yote manne, kama Celica aliyoshinda nayo Ian Duncan mwaka 1994, mashimo yanakuwa manne. Nimeona kazi nyingi nzuri ambazo gari la nyuma tu limechimba mashimo manne yaliyo sawa. Watu hawasemi kitu. Lakini mzee wangu yule wa malori angevaa miwani.

Na usisahau kwamba gari lako halikuwa la kwanza. Barabara za Safari ya zamani hazikufungwa. Malori, baiskeli na ng’ombe walikuwa wanapita kama kawaida. Kwa hiyo chini ya alama mpya weka za zamani: matairi pacha ya lori, mstari mwembamba wa baiskeli, kwato. Za zamani zipigwe kwanza, zilainishwe kwa brashi yenye maji kama zilizonyeshewa, ndipo ya gari lako ipite juu ikizikata. Nani alitangulia na nani alifuata, tope linasema lenyewe.

MAJI SI BULUU

Tope likikauka, ambalo huchukua siku mbili tatu, ndipo unaweka rangi. Kanuni yangu ni moja: chini ni giza, juu ni mwanga. Ndani ya mfereji pana unyevu, kwa hiyo pawe pameiva zaidi. Kingo zilizoinuka zimeanza kukauka, zipauke kidogo. Ili kupausha, nachovya brashi kwenye rangi hafifu, naifuta mpaka karibu inaisha, ndipo naipitisha juujuu.

Dimbwi linakaa mahali pa chini kabisa, siyo pale unapopenda wewe. Na jamani, maji ya barabarani si buluu. Ni chai ya maziwa. Nachanganya vanishi ya kung’aa na tone la rangi ya udongo uleule, namimina tabaka jembamba, nasubiri likauke, naongeza lingine. Mfereji mpya unaweza kuwa na maji chini, lakini kashata zilizo chini ya maji hazionekani.

Tope linalobaki sufuriani usilitupe. Hilo ndilo la kupaka kwenye gari, kwa sababu gari haliwezi kukwama kwenye udongo mwekundu huku madigadi yana tope jeusi. Mwisho, kalisha gari mahali pake. Kila tairi lazima lizame kwenye mfereji wake, na mfereji uishie pale pale lilipo tairi. Pakibaki uwazi wa upana wa kucha, parachuti limerudi.

NYAYO ZA WASUKUMAJI

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Nikamwita mzee. Shikamoo, miwani, mizunguko miwili ya meza.

“Marahaba. Hii imefika kwa barabara,” akasema. Nikapumua. “Sasa nani anaitoa?”

Nikamwambia dereva na mwenzake wamo ndani. Mzee akatabasamu.

“Mwanangu, gari likizama hivyo halitolewi na watu waliokaa. Linatolewa na kijiji.”

Akakaa chini akanieleza, naye alikwama sana maishani. Anayesukuma gari kwenye tope, alisema, hakanyagi kama anayetembea. Uzito wote uko mbele ya mguu. Vidole vinachimba, kisigino hakigusi, na mara nyingi mguu unateleza nyuma na kuacha mkwaruzo mrefu. Wengi walikuwa pekupeku, kwa sababu viatu vilibaki tope la kwanza. Gari likichomoka ghafla, kuna alama ya magoti na viganja viwili, ya yule aliyeanguka kifudifudi huku wenzake wanacheka.

Nikakaa kimya. Ukifungua kumbukumbu za Safari Rally utakuta majina ya madereva, ya wasoma ramani, aina za magari na dakika walizotumia. Nowicki yumo. Kankkunen yumo. Yule kijana wa kando ya barabara aliyeingiza bega lake kwenye bampa, akala tope usoni, halafu akasimama kutazama gari linapotelea mbele, hayumo popote. Ushahidi wake ulikuwa nyayo, na mvua ya jioni ilizifuta.

Nikalainisha tope nyuma ya gari kwa maji ya uvuguvugu, nikaongeza tabaka jipya, nikachonga njiti ya meno ikawa na umbo la mguu. Nikapiga nyayo kama thelathini. Vidole vimezama, visigino havipo. Mikwaruzo ya kuteleza. Viganja viwili vya aliyeanguka. Watu wenyewe sikuwaweka hata mmoja, kwa sababu nilitaka mtazamaji awahesabu mwenyewe.

Mzee alipoiona tena hakuzunguka meza. Aliweka kidole karibu na vile viganja viwili, bila kugusa, akakaa hivyo kitambo.

“Huyu,” akasema, “namjua.”

Sikumwuliza alikuwa nani.

Basi msomaji wangu, kama mwezi huu mfuko haukuruhusu kununua boksi lolote, usijali, somo la kwanza halina kiingilio. Mvua ikikatika, usikimbilie ndani. Simama kwenye kona ya mtaa wenu, acha daladala ipite, halafu inama usome. Nani alipita, nani alipiga breki, nani alisukuma. Wakikucheka waambie uko shuleni.